Barua ya Wazi: Viazi vya Nyandarua Vipimwe kwa Mizani

Kwa wote wenye dhamana ya kilimo, biashara, vipimo na barabara, katika Serikali ya Kitaifa na katika kaunti zinazolima viazi

MINTARAFU: GUNIA LA KILO 50 NA MIZANI MASHAMBANI

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za faragha tumezimaliza. Vikundi vya wakulima huku kwetu Kinangop vimepeleka malalamiko ofisini kwa utaratibu unaotakiwa: barua iliyopigwa chapa, sahihi za wanachama, nambari za vitambulisho, na nakala moja ya kubaki nayo. Nakala hizo tunazo na zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu hatuna. Barazani tumeambiwa jambo letu linashughulikiwa, na msimu uliofuata gunia limekuja refu kuliko la msimu uliotangulia.

Ombi letu naliweka mwanzoni lisije likapotea katikati ya maneno. Viazi vinunuliwe kwa kilo, kwa mizani iliyokaguliwa, mbele ya mwenye viazi. Hatuwaombi mtunge sheria mpya. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizowekwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tunawaomba msimamie mlichokiandika wenyewe.

Huwa tunajibiwa kwamba mkulima ana uhuru wa kukataa gunia lililopanuliwa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake. Anayesema hivyo hajatazama ardhi tunayolima wala hajui tulivyofika juu yake, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Karibu upande wote wa mashariki wa kaunti ya Nyandarua umezibwa na safu ya milima ambayo ramani nyingi bado zinaiita Aberdare. Kilele chake cha juu kabisa, Ol Donyo Lesatima, kinakaribia mita 4,000. Mbele ya safu hiyo umesimama mlima Kipipiri peke yake, na katikati yao ndipo lilipo bonde la Wanjohi. Kusini ni uwanda wa Kinangop, ninakolima mimi, ambako mwinuko unapita mita 2,400 na sakitu huweza kuunguza shamba zima la viazi usiku mmoja. Magharibi ya uwanda huo ardhi hukatika ghafla na kuteremka kuelekea Naivasha. Katikati ya kaunti ni Ol Kalou, makao makuu. Ukiendelea kaskazini utafika ziwa Ol Bolossat, lenye viboko na korongo taji, ambamo mto Ewaso Narok hutoka kwenda kumwagika kwenye maporomoko ya Nyahururu. Ndaragwa mvua hupungua.

Maji ya huku yananywewa mbali. Bwawa la Sasumua, karibu na Njabini, limekuwa likipeleka maji Nairobi tangu miaka ya 1950, na mto Malewa, unaozaliwa kwenye milima yetu, ndio unaolisha ziwa Naivasha kuliko mto mwingine wowote. Chakula chetu nacho huliwa mbali. Sahani ya chipsi inayouzwa Nairobi au Mombasa, mara nyingi kiazi chake kimetoka katika baridi hii.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 638,289 katika kaunti. Wengi wetu ni wajukuu wa watu walioletwa. Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ol Bolossat ni majina ya Kimaasai, maana Wamaasai walichunga nyanda hizi kabla ya kuhamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911 ili kuwapisha walowezi. Ikawa nchi ya Wazungu, ya ng'ombe, kondoo, ngano na pareto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba hayo yalinunuliwa na kukatwa vipande katika skimu za makazi, na familia zisizo na ardhi kutoka Kiambu, Murang'a, Nyeri na kwingineko zikapewa kwa mkopo. Baadhi yao walikuwa wamefanya kazi ya kibarua katika mashamba hayo hayo. Mkopo ulilipwa kwa maziwa na pareto. Pareto ilipoanguka, kiazi kikabaki kuwa ndicho kinacholeta fedha za haraka. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, la wana limegawanywa kwa wajukuu, na leo nyumba nyingi zinategemea ekari moja, mbili au tatu. Mtu mwenye ekari mbili hana viazi vya kumfanya mnunuzi amnyenyekee. Ana viazi vya lori moja, au nusu lori, na ana siku chache za kuviuza.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Gunia halina kipimo.

Kwa asiyewahi kuona, gunia lile ambalo sokoni huitwa mukorino hujazwa hivi. Mjazaji huja na mnunuzi. Humimina viazi hadi nusu, hulishika gunia kwa pembe mbili za mdomo, hulinyanyua na kulitua chini kwa kishindo mara kadhaa ili viazi vishuke na kukazana. Huongeza, hulitikisa, hulipiga goti ubavuni, huongeza tena. Likijaa hadi mdomoni, hapo ndipo ufundi wake unapoanza. Huchagua viazi vikubwa, virefu, visivyo na kasoro, akavisimamisha kimoja kimoja kuzunguka ukingo, duara juu ya duara, na katikati akamimina vingine. Mwisho huchukua kamba na kusuka wavu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akivuta mpaka kamba inazama kwenye maganda. Kilichosimama juu ya mdomo wa gunia ni viazi vya mkulima ambavyo hakuna atakayevilipia, na ndivyo vizuri kuliko vyote shambani.

Bei ilishatajwa kabla ya mjazaji kukunja mikono ya shati. Ni kiasi fulani kwa gunia. Gunia lina kilo ngapi, hakuna anayetamka.

Tuchukue mfano mdogo. Mkulima amechimba tani 5, yaani kilo 5,000. Kwa gunia la kilo 50 hayo ni magunia 100. Likijazwa kilo 70, anahesabiwa magunia 71 na kidogo. Magunia 28 yameondoka shambani mwake mchana, akiyaangalia, na hayamo kwenye hesabu. Kilo 70 nimezitaja kwa upole. Anayeyafahamu magunia yanayopakiwa Ndunyu Njeru au Miharati siku ambayo viazi ni vingi anajua kwamba kilo 70 ni gunia la mnunuzi mwenye huruma.

Mkulima huyo alinunua mbegu kwa kipimo, mbolea kwa mfuko wa kilo 50 uliofungwa kiwandani, na dawa ya baridi, yaani ukungu unaokausha majani ya viazi, kwa gramu na mililita. Hakuna duka lililomruhusu apandishe mfuko wa mbolea kwa kamba. Kila kinachoingia shambani kina uzito uliochapishwa. Kinachotoka kinakisiwa kwa macho ya anayekinunua.

2. Barabara ndiyo inayopanga bei.

Barabara za lami zimeongezeka katika kaunti, na tunashukuru kwa dhati. Tatizo letu ni zile kilomita chache kutoka lami hadi shambani. Udongo wa uwanda wa Kinangop na wa nyanda za Ol Kalou haupitishi maji haraka. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, maji hutuama juu, udongo mweusi hunata kwenye magurudumu na njia hugeuka matope ya kufika magotini. Kanta, yaani lori dogo la mizigo, hukataa kuingia. Viazi hutolewa shambani kwa mkokoteni wa punda, au hubaki.

Hapo mnunuzi mmoja anayekubali kuingia anakuwa ndiye soko zima la kijiji. Akija na mjazaji wake na kamba zake, nani atamwambia apunguze? Lori likikwama huitwa trekta kulivuta, na gharama ya trekta hutolewa kwenye fedha za mkulima. Nimeona watu wakikubali gunia ambalo wiki moja kabla walikuwa wameapa kwamba hawatalikubali kamwe, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Kipipiri na viazi vilikuwa vimelundikwa kando ya njia chini ya turubali lililotoboka.

Viazi vilivyokaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Vilivyonyeshewa huoza kuanzia katikati ya lundo. Mnunuzi anajua hivyo kama sisi tunavyojua, na hana haraka.

3. Kiazi chenyewe hakingoji.

Aina inayolimwa zaidi ni Shangi. Tunailima kwa sababu hukomaa upesi, kwa takribani miezi mitatu, huzaa vizuri, huiva haraka jikoni, na wauza chipsi huipenda. Lakini Shangi haina usingizi mrefu. Ikishachimbwa, haichukui muda mrefu kabla ya kuanza kuchipua. Mtu hawezi kuvuna Julai akaweka hadi Oktoba bei ikipanda, labda awe na ghala la baridi au la hewa na giza lililojengwa kwa ajili hiyo, na maghala ya namna hiyo ni machache mno kulinganisha na mavuno. Wengi wetu ghala letu ni udongo wenyewe: tunaviacha ardhini, tukiombea mvua isinyeshe na mnyoo usivifikie.

Na kwa kuwa karibu wote tulipanda mvua za masika zilipoanza Machi na Aprili, wote tunachimba wakati mmoja, Julai na Agosti. Ndipo gunia hurefuka. Mkitaka kujua wingi wa viazi katika kaunti, hamhitaji ripoti. Tazameni urefu wa magunia barabarani.

4. Magunia yanayozunguka hubeba ugonjwa.

Hili halizungumzwi vya kutosha, nami nalitilia uzito kuliko wengi wa majirani zangu wanavyolitilia. Mwaka 2015 wataalamu waligundua hapa Nyandarua, kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mnyoo mdogo sana wa viazi ambaye mayai yake hukaa ndani ya vifuko vigumu kwenye udongo kwa miaka mingi. Vifuko hivyo husafiri na udongo: kwenye mbegu, kwenye majembe, kwenye viatu, na kwenye magunia. Mnyauko wa bakteria nao huenea kwa mbegu na kwa udongo.

Sasa fikirieni gunia kuukuu lililopanuliwa. Limejazwa Njabini, likamwagwa sokoni, likakunjwa na udongo wake ndani, likarudi kujazwa Wanjohi wiki inayofuata na Charagita baada ya hapo. Kila linaposhuka kutoka kwenye lori hukung'utwa pembeni mwa shamba la mtu. Kumwambia mkulima atumie mbegu iliyothibitishwa, kisha kuliacha gunia la namna hiyo liingie shambani mwake kila msimu, ni kumchosha bure.

5. Wabebaji wanaumia.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo anaobeba mwanamume mzima kwa mwili wake usizidi kilo 55. Vijana wetu wanaopakia malori hulipwa kwa gunia, na gunia likiongezwa malipo yao hayaongezwi. Watu wa umri wa miaka 35 wanatembea wameinama. Sina zaidi la kusema juu ya hili, nendeni mkawaone.

6. Kaunti yenyewe inapoteza.

Ushuru wa mazao hutozwa kwa gunia. Karani wa kizuizi cha ushuru barabarani huhesabu magunia yaliyomo kwenye lori na kukata risiti. Rudini kwenye mfano wangu wa tani 5: palipostahili kutozwa ushuru wa magunia 100, unatozwa wa magunia 71. Halafu tunaambiwa hakuna fedha za kumwaga changarawe kwenye njia za mashambani. Takwimu za mavuno nazo zinapotoka, kwa sababu afisa anayezidisha idadi ya magunia kwa uzito wa kukisia atapata tani za kukisia, na bajeti ya mbegu, ya maghala na ya barabara itapangwa juu yake.

Waheshimiwa, visingizio tumevisikia, na ninavijibu hapa ili tusirudishane nyuma.

Kwamba mkulima mwenyewe amekubali, nimekwisha kujibu. Makubaliano kati ya mtu mwenye lori na mtu mwenye viazi vinavyooza hayastahili kuitwa hiari. Ndiyo maana sheria haikuacha uzito wa gunia uwe wa kujadiliana. Iliweka kilo 50 na kufunga mjadala.

Kwamba wanunuzi watahamia kaunti nyingine tukiwabana. Hofu hii ina ukweli ndani yake, na mimi siipuuzi. Viazi vinalimwa pia Nakuru, Meru, Narok, Elgeyo Marakwet, Nyeri na Kiambu. Tumewahi kuona msako ukianza upande mmoja na malori yakageuka asubuhi hiyo hiyo, na wakulima wale wale waliokuwa wakilalamika wakaja kuomba msako usimame. Lakini hofu hiyo inawaelekea ninyi kabla ya kutuelekea sisi, kwa kuwa kanuni hizi ni za nchi nzima. Zikisimamiwa kila mahali kwa siku moja, lori halina pa kugeukia. Na zikisimamiwa kule mzigo unakoshukia, katika masoko makubwa ya Nairobi, Nakuru na Mombasa, mnunuzi hatakuwa na sababu ya kulijaza gunia kupita kiasi huku, kwa kuwa halitapokewa kule.

Kwamba maafisa wa vipimo ni wachache na kaunti ni kubwa. Tazameni ramani tena. Milima imefunga karibu mashariki yote. Malori mengi ya viazi hayapenyi huko. Mzigo wa Nyandarua hutoka kwa njia zinazojulikana: Njabini na Magumu kushukia Flyover kwenye barabara kuu ya Nairobi hadi Nakuru, Njabini kuelekea Naivasha, Ol Kalou kwenda Gilgil, Ol Kalou kupitia Dundori hadi Nakuru, na kaskazini kupitia Nyahururu au Ndaragwa. Kwenye njia hizo karani wa ushuru tayari yupo. Tayari anapanda kwenye lori, tayari anahesabu. Mpeni mizani na mamlaka ya kukataa gunia lililofumwa kamba juu. Kumpata mtu mwingine si lazima.

Kwamba mizani mashambani ni jambo gumu. Hiki ndicho kisingizio kinachoniuma, kwa sababu kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, mkulima huyu huyu hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kwenye njia hii hii yenye matope. Maziwa humiminwa, hupimwa kwa mizani, kilo na sehemu ya kilo husomwa kwa sauti, huandikwa kwenye kitabu chake na kwenye kitabu cha chama. Mwisho wa mwezi vitabu viwili vikitofautiana, kuna mahali pa kuuliza. Mambo hayo yamefanyika kwa miaka mingi, na watu waliosoma kidogo na waliosoma sana wanayaelewa sawasawa. Mkono unaoweza kupima maziwa saa kumi na moja alfajiri unaweza kupima viazi saa nne mchana.

Kwamba bei mjini itapanda. Mlaji wa mjini hauziwi mukorino. Anauziwa kwa ndoo, kwa mkebe, kwa fungu, kwa kilo, na zile kilo za ziada zilizopatikana bure huku hulipiwa na yeye kule. Tofauti hubaki njiani. Mwanzoni mwa 2022, mkahawa mmoja mkubwa wa kigeni ulikosa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikitoka ng'ambo na meli zilichelewa, na nchi nzima ikauliza kwa nini haununui vya hapa. Lilikuwa swali zuri. Mnunuzi wa namna hiyo anataka kujua uzito, aina, na mahali kiazi kilikotoka. Kwa biashara ya kukisia, hayo yote hatuwezi kumwonyesha.

Sasa tunachoomba.

Kwanza, Serikali ya Kitaifa na kaunti zote zinazolima viazi zitangaze tarehe moja, kabla ya mavuno makuu ya Julai, ambayo kuanzia hapo gunia lolote linalozidi kilo 50 halitapita kizuizini wala kushushwa sokoni. Tarehe itangazwe mapema, redioni, makanisani na barazani, ili hata mnunuzi ajipange. Wengi wa wanunuzi si watu wabaya. Wapo wanaotuambia waziwazi kwamba wangependa mizani, ila wakiitumia peke yao watashindwa na wenzao.

Pili, mizani iliyokaguliwa na kubandikwa alama iwekwe katika kila mahali panapopakiwa viazi kwa wingi. Mahali hapo panajulikana: Njabini, Engineer, Ndunyu Njeru, Miharati, Wanjohi, Ol Kalou, Charagita, Ol Joro Orok, Mairo-Inya, Ndaragwa, Shamata. Pasijengwe jengo kubwa kwanza. Paa la mabati, sakafu ya saruji, mizani na kitabu vinatosha kuanzia msimu huu. Usimamizi upewe vyama vya ushirika pale vilipo hai, na risiti ioneshe kilo, aina ya kiazi na bei ya kilo moja.

Tatu, ushuru utozwe kwa kilo, na sehemu yake inayojulikana, iliyoandikwa kwenye sheria ya fedha ya kaunti, irudi kwenye njia za mashambani za wadi ulikotozwa. Jiwe na changarawe mahali pabovu kabla ya mvua vinatufaa kuliko kilomita moja ya lami inayozinduliwa kwa sherehe. Wakulima tuko tayari kuonyesha mahali hapo pabovu. Tunapafahamu kila kimoja kwa jina la lori lililowahi kukwama pale.

Nne, magunia ya viazi vya mbegu na ya viazi vya kula yatenganishwe, na kuukuu yenye udongo yasiruhusiwe kuingia shambani. Maafisa wa kilimo waje kutufundisha dalili za yule mnyoo. Wengi wetu tunaona mimea imedumaa kwa duara katikati ya shamba na tunadhani ni mbolea haikutosha.

Maghala nayaacha makusudi. Tunayahitaji, na mengine yameanza kujengwa, lakini ghala bila mizani litakuwa mahali pengine pa kujazia gunia lile lile.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma, na Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Nyongeza ya Nne ya Katiba hiyo hiyo imeweka kilimo, masoko na barabara za kaunti mikononi mwa kaunti, na sera ya kilimo mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo hakuna kati yenu anayeweza kutuelekeza kwa mwenzake na kufunga mlango. Kwa msingi huo tunaomba pia mtueleze kwa maandishi: tangu 2019, ni magunia mangapi yamezuiwa kwa kuzidi kilo 50, katika vizuizi gani, na waliokutwa nayo walichukuliwa hatua gani. Kama jibu ni kwamba hakuna hata moja, liandikwe hivyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu ombi la namna hii.

Majibu hayo yasiishie kwenye bahasha ya mtu mmoja. Tunaomba yabandikwe kwenye kuta za masoko niliyoyataja, kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, kwa herufi kubwa ambazo mzee anaweza kusoma, na afisa mmoja mwenye jina na nambari ya simu ya kazi awe pale siku ya soko ili aulizwe. Tutakuwepo, na vitabu vyetu vya maziwa mkononi, tumwonyeshe jinsi mizani inavyoandikwa.

Wenu mwaminifu,

Mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Uwanda wa Kinangop, Nyandarua

Kwa niaba yangu na ya majirani waliotia sahihi barua zilizotangulia